Mtunza Betri wa Lori Letu

Katika kijiji chetu, nyuma ya vilima vya Nyakisasa, lori halikuwa la mtu mmoja, na kuliwasha hakukuwa kazi ya mtu mmoja. Ufunguo ulilala upande wa juu wa kijiji, kwa mama mmoja mjane. Betri ililala upande wa chini, kwa mzee ninayetaka kumweleza. Katikati alilala dereva, ambaye hakuaminiwa kwa kitu chochote isipokuwa usukani, na huo nao ni kwa sababu haukung'oka.

Utaratibu huo uliwekwa na mkutano wa kijiji baada ya dereva kuonekana Biharamulo siku ya Jumapili, lori letu limejaa watu wa harusi wanaopiga vigelegele. Mkutano ukasema mali ya wote isitembee bila wote kujua. Kuanzia siku hiyo kila jioni betri ilifunguliwa, ikapelekwa kwa mzee. Ufunguo ukachomolewa, ukapelekwa kwa mama. Mwizi wa lori ilimbidi awashawishi watu wawili wenye kilima kizima kati yao. Sijasikia kijiji kingine duniani kilichofanya hivyo, na mimi nimetembea, nimefika mpaka Shinyanga.

Mzee huyo tulimwita Mtunza Betri. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini hata mkewe akikasirika alimwita hivyohivyo: "Wewe Mtunza Betri, njoo utunze na watoto wako!" Alikuwa mfupi, mwenye mikono ya mtu mrefu, na suruali zake zote ziliungua kwa tindikali. Nasema kweli, ile suruali yake ya kaki ilikuwa na matundu mengi kuliko kitambaa. Aliivaa kanisani bila haya. Mtu akimcheka alijibu, "Hayo ni matundu ya kazi. Ya kwako ni ya uvivu."

Betri yenyewe ilikuwa kubwa ya kizamani, nyeusi, yenye vyumba sita vilivyofunikwa lami juu, na vipande vya madini ya risasi vikiunganisha chumba na chumba. Uzito wake ulikuwa wa ndama. Watu wawili waliibeba kwenye machela ya gunia na miti miwili, yeye akitembea nyuma na kupiga kelele: "Msiiyumbishe! Msiiyumbishe, ina maji!" Mgeni mmoja aliyetoka upande wa Rulenge alipokutana na msafara huo aliteremka kwenye baiskeli, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya chini nani anaumwa.

"Ni betri," wakamwambia.

"Poleni sana," akasema, na akasimama mpaka tulipopita.

Nyumbani aliiweka juu ya ubao, si chini, kwa kuwa aliamini ardhi hunyonya nguvu. Maji ya betri hayakupatikana, basi alitumia ya mvua, lakini si ya mvua yoyote. Maji yaliyopita kwenye bati au nyasi aliyakataa. Mvua ikianza alitoka mbio, akaweka sufuria safi juu ya stuli katikati ya uwanja, akasimama pembeni analoa, akiilinda isirukiwe na tope. Majirani waliojibanza barazani walimwambia aingie ndani. "Sufuria haiwezi kujilinda," alijibu. Akayachuja kwa kitambaa, akayatia kwenye chupa, na ole wake mtoto aliyeionea kiu chupa ile.

Kuna kosa moja alilofanya ambalo mpaka leo tunalicheka. Grisi iliadimika madukani kama vitu vyote miaka ile, sabuni, chumvi, viberiti. Vichwa vya betri visipopakwa mafuta huota ukoga mweupe. Akamwendea yule mama wa ufunguo, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe zake, akamwomba samli. Akaipaka nene, akajisifu kwa siku mbili. Siku ya tatu dereva akafungua sanduku la betri akakuta sisimizi wote wa wilaya ya Ngara wamefika kwenye sherehe, na lori halina habari, kwa sababu walikuwa wamejipanga mpaka katikati ya waya na kichwa cha betri. Mtunza Betri alikwangua wadudu wale kwa kisu kwa heshima kubwa, kisha akasema, "Nimejifunza. Samli ni ya kula." Hilo nalo lilikuwa la kwake: kosa alilikubali upesi, hadharani, na bila kujipaka majivu. Nilidhani nalijua hilo kwa hakika. Nitarudi hapo.

Mimi nilimjua vizuri darasani. Mimi ni mhitimu wa shule ya jioni ya watu wazima, ile ambayo wenye dharau waliiita ngumbaru, na cheti changu kimening'inia ukutani mpaka leo, kimeliwa na mchwa pembe moja tu. Mtunza Betri alikuwa mwanafunzi mwenzangu Jumatatu na mwalimu wangu Alhamisi. Jumatatu alikaa benchi la nyuma akigombana na herufi. "Hii mbona ina tumbo upande huu, na hii tumbo upande ule, na mnasema ni vitu viwili? Mtu akigeuka si mtu yuleyule?" Alhamisi, zamu ya ufundi, alisimama mbele, na wote tuliomcheka Jumatatu tukanyamaza.

Alichofundisha kilikuwa kitu kimoja tu, namna ya kutafuta ubovu, na alikirudia kama sala. "Usiniambie limekataa," alisema. "Limekataa ni neno la mtu aliyechoka kufikiri. Niambie limefanya nini. Limelia? Limenyamaza? Taa imewaka, imefifia, haikuwaka kabisa?" Akishasikia ndipo huanza, na huanza na kile mkono unachokishika, ufunguo. Kisha swichi ambamo ufunguo unaingia. Kisha waya. Kisha vichwa vya betri. Kisha betri yenyewe, chumba kimoja kimoja. Hakuruhusu kuruka hatua. Ukiruka alikurudisha mwanzo, hata kama ulikuwa umeshaona tatizo kwa macho yako.

"Lakini mzee, waya umekatika, tunauona!"

"Unauona wewe. Ufunguo hujauona. Rudi."

Siku moja bwana shamba alikuja na pikipiki aliyoipiga teke asubuhi nzima mpaka kiatu kikafunguka soli. Akadai injini imekufa. Mtunza Betri akamketisha, akamwuliza ilisimama wapi mara ya mwisho, kwa siku ngapi, na ikipigwa teke inatoa pumzi gani. Bwana shamba alijibu huku anahema. Wakapita hatua zote, ufunguo, swichi, plagi, mafuta, na mwisho kabisa mzee akapiga magoti akachungulia bomba la moshi. Nyigu alikuwa amejenga nyumba ya udongo mle ndani. Pikipiki ilipoombwa tena ilimtema nyigu yule hadi kwenye ukuta wa ghala. Sitasema alipasua tofali, lakini alama ilibaki.

Alikuwa mkali wa mali ya umma kupita kiasi. Alimgombeza Katibu Kata mwenyewe, mbele za watu, kwa kuwasha taa ya ndani ya lori ili atafute kalamu. "Ndugu Katibu, unatafuta kalamu ya mtu mmoja kwa taa ya kijiji kizima!" Katibu Kata alikuwa mtu wa kuogopwa, hakusahau maneno. Lakini hata yeye aliizima.

Sasa niseme la redio, na hapa ndipo mtu huyu anapokuwa na pande mbili.

Nyumbani kwake, kwenye kona, lilikuwepo sanduku la mbao kubwa kama kabati. Lilikuwa redio ya zamani, ya zile zinazopata moto, aliyoachiwa na padri mmoja mzungu aliyerudi kwao. Sote tulijua ni mfu. Mkewe alipanga sahani juu yake, na kuku mmoja alitagia nyuma yake. Redio kama ile haitumii mawe madogo ya tochi. Inataka betri ya gari, tena ndogo, ya vyumba vitatu. Nani angekuwa na betri ya gari?

Vita ilipoanza, mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa mgambo, alichukuliwa. Na mtoto wa pekee wa Mama Ufunguo alichukuliwa kwa lori hilohilo la jeshi, wakikaa bega kwa bega juu ya magunia. Vita ilikuwa upande wa juu wa mkoa, mbali na sisi, lakini ilikula chakula chetu, dizeli yetu na vijana wetu. Mawe ya redio yakaisha madukani. Redio ndogo zote za kijiji zikanyamaza. Habari zilifika kwa miguu, zikiwa zimechoka na zimebadilika njiani.

Ndipo Mtunza Betri alipoanza kuota.

Asubuhi alitoka, akanawa uso, akatangaza kwa aliyekuwa karibu: "Nimeota askari wetu wamevuka mto." Baada ya siku nne au tano mtu akitoka Biharamulo na gazeti, tunasoma: wamevuka mto. Akaota daraja limerekebishwa. Kweli, limerekebishwa. Kijiji kikashikwa na baridi. Katekista alikuja kumhoji kama ndoto zile zinatoka juu au chini. Wazee wa Kihangaza, wenyeji wa vilima vyetu, walisema babu yake alikuwa hivyohivyo, ingawa aliyemjua babu yake hakuwepo. Watu walimletea ndizi. Mimi mwenyewe, msomi wa ngumbaru, nilimpelekea kuku ili aniotee bei ya kahawa.

Aliyekuja kila siku ni Mama Ufunguo. Alipanda na kushuka kilima kile alfajiri kabla ya kukamua, ufunguo umefungwa kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo baba. Umeota nini?"

"Marahaba mama. Nimeota wamekula. Ugali na maharage."

"Na wangu alikuwepo?"

"Alikuwepo. Amekonda kidogo."

"Ah, huyo alizaliwa amekonda," alisema, akacheka, na akarudi mlimani mwepesi kama msichana. Habari za vita hazitaji askari mmoja mmoja anakula nini, hilo nadhani hata yeye alijua. Lakini alikuja.

Bila shaka msomaji ameshaelewa. Sisi hatukuelewa. Lori lilikuwa limekaa wiki nyingi bila dizeli, betri iko kwa Mtunza Betri usiku na mchana, haikwenda popote, haikuchajiwa na injini. Jioni alifunga mlango, akaondoa sahani, akamwondoa kuku, akaunganisha waya kwenye vyumba vitatu kati ya sita, kwa kuwa redio ile ilitaka nusu tu ya nguvu, na akakaa sikio kwenye kitambaa cha sanduku. Redio za namna hiyo zina kiu. Zinakunywa betri kama ngamia.

Amri ikaja: kijiji kitoe maharage na unga kwa ajili ya jeshi, vifikishwe Biharamulo. Dizeli ililetwa kwenye pipa. Asubuhi ya safari tulipakia magunia kwenye lori mpaka springi zikalala. Kijiji kizima kilikuwepo, na Katibu Kata amevaa suti yake ya mikono mifupi, amesimama juu ya kreti. Betri ikaletwa kwa machela, ikafungwa. Mama Ufunguo akafungua pindo, akampa dereva ufunguo. Dereva akauzungusha, akabonyeza stata.

Tik.

Akabonyeza tena. Tik. Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kofi.

"Limekataa," dereva akasema.

Ufunguo ule ulikuwa umelika, hilo kila mtu alilijua. Ungeweza kuuchomoa lori likiwa kwenye mwendo. Lakini Katibu Kata hakusema umelika. Alimtazama Mama Ufunguo kwa muda, na sisi tukakumbuka kwamba wiki iliyopita mama yule alikataa mbele ya mkutano kutoa madume yake mawili, akasema ameshatoa mtoto, inatosha.

"Ufunguo huu," Katibu Kata akasema, "umelala kwa nani?"

"Kwangu," Mama Ufunguo akajibu.

"Peke yako?"

"Mimi na ng'ombe."

Watu wakacheka. Katibu Kata hakucheka. Akasema wakati wa vita gari la chakula cha jeshi likifanywa lisiwake, jambo hilo lina jina, nalo ni hujuma. Akasema mwanamke aliyenyima jeshi ng'ombe anaweza kulinyima jeshi ufunguo. Akawaita mgambo wawili, akawaambia wamshike, apelekwe polisi Biharamulo kwa miguu kama lori haliendi, na ng'ombe zake ziwe chini ya kijiji mpaka kesi iishe. Sote tulijua maana ya mpaka kesi iishe. Mama yule hakuwa na ndugu hata mmoja katika vilima vyetu. Ndiyo maana alipewa ufunguo, kwamba hana wa kumpendelea. Sasa hakuwa na wa kumtetea.

Alisema tu, "Nimeuleta kama nilivyopewa."

Mgambo mmoja alimshika mkono. Ndipo Mtunza Betri akatoka kwenye kundi.

"Ndugu Katibu, hatujatafuta ubovu."

"Ubovu tunao hapa, umevaa khanga."

"Hatujatafuta kwa utaratibu. Tumefundishana darasani. Wanafunzi wangu wako hapa, wanatazama. Nikiacha leo, nitafundisha nini Alhamisi?"

Tulipiga makofi, sisi wa ngumbaru, tukidhani tunatetea elimu. Katibu Kata akamruhusu, ila afanye upesi.

Hakwenda upesi. Sijawahi kumwona mzee yule taratibu namna ile. Aliuchukua ufunguo, akaupangusa kwa shati. Akauinua juani, akaugeuza. Akauingiza, akauzungusha. Taa nyekundu ya dashibodi ikawaka, dhaifu, kama jicho la mtu anayesinzia. Akauchomoa. Akaupangusa tena. Akauingiza, akauzungusha, taa ikawa ileile. Akauchomoa mara ya tatu, akachokoa tundu kwa unyasi, akaupangusa, akajaribu, akautikisa kushoto na kulia. Taa ileile.

"Ufunguo unafika," akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka na jua lilikuwa bado changa.

Mgambo akaulegeza mkono wa mama, hakuuachia.

Akafungua swichi kwa bisibisi, akaunganisha waya mbili nyuma yake bila ufunguo. Taa ileile, tik ileile. "Swichi nzima." Akafuata waya wote kwa vidole, inchi kwa inchi, mpaka mtu akaanza kusinzia juu ya magunia. Akakwangua waya wa bodi pale unapofungwa kwenye chasisi. Akalegeza vichwa vya betri, akavisugua kwa msasa mpaka vikang'aa, akafunga tena. Dereva akabonyeza. Tik.

Alisimama hapo. Spana mkononi. Alitazama lori, akatazama barabara, akatazama tena lori, kama anayetafuta kitu kingine cha kufungua. Katibu Kata akasema, "Imebaki nini?"

"Imebaki betri," akasema Mtunza Betri.

Akaomba balbu ya tochi. Nilikuwa nayo mimi, balbu bila mawe, niliitembeza mfukoni kama kumbukumbu ya marehemu. Akaifunga kwenye waya mbili, akagusa chumba cha kwanza cha betri. Balbu ikawaka njano. Cha pili, njano. Cha tatu, njano. Akagusa cha nne. Ndani ya balbu ukaonekana uzi mwekundu tu, kama kaa la moto linalozimika. Cha tano, vilevile. Cha sita, vilevile.

Hapo wanafunzi wote wa Alhamisi tulielewa, kwa sababu alitufundisha mwenyewe. Betri ikizeeka, huzeeka yote. Ikisahauliwa, huchoka yote. Vyumba vitatu vizima na vitatu vitupu, hiyo ni betri iliyonywewa nusu na mtu anayejua anachofanya. Katika kijiji chetu mtu huyo alikuwa mmoja.

Alishuka kwenye bampa. Akamkabidhi Katibu Kata balbu yangu, sijui kwa nini, na Katibu akaipokea.

"Mwachieni mama," akasema. "Nimeinywa mimi. Ile redio ya padri si mfu. Nilitaka habari za mtoto."

Kisha Mama Ufunguo, mkono wake ukiwa bado na alama ya vidole vya mgambo, akasema kwa sauti ya kufika mpaka nyuma:

"Kumbe ndoto zako zinakunywa maji ya betri!"

Kijiji kikaanguka. Watu walicheka wakashika magunia. Katekista alicheka kwa furaha ya mtu aliyeondolewa mzigo wa kiroho. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomwokoa mzee na polisi, kwa maana ni vigumu kumfunga mtu ambaye kijiji kizima kinamcheka, na Katibu Kata naye, baada ya kushindana na midomo yake, alishindwa.

Lori la dizeli halihitaji betri likipata mteremko. Tulilisukuma watu wote, wanaume, wanawake, wanafunzi wa zamu zote, mpaka ukingo wa kilima, likashuka kimya na maharage yake, na katikati ya bonde likakohoa, likanguruma, likaenda Biharamulo na halikuzimwa mpaka lilipofika. Mtunza Betri alivuliwa kazi. Alichimba vyoo vya shule miezi mitatu. Redio ilichukuliwa ikawekwa ofisini, na kwa kuwa hakuna aliyejua kuiunganisha, ikarudi kuwa kabati. Betri akapewa Mama Ufunguo, aliyekuwa sasa na ufunguo na betri pamoja, kwa hiyo ule ulinzi wa kilima ukafa, na hakuna aliyeuliza. Watoto wote wawili walirudi kutoka vitani. Wa mzee alirudi na gwanda lenye matundu mengi kuliko suruali ya baba yake. Wa Mama Ufunguo alirudi amenenepa, jambo lililoharibu sifa ya ndoto zote.

Nimeisimulia habari ya siku ile mara elfu. Harusini, misibani, ndani ya basi. Nilipoisimulia niliipa jina: siku mtu alipojitafuta mwenyewe kwa utaratibu, hatua kwa hatua, akijua anakokwenda, asimwache mama asiye na ndugu aonewe. Watu walitikisa vichwa. Wengine walitoa machozi, hasa nilipoongeza mvua.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa miaka mingi baadaye. Kambi ya wakimbizi ya Benaco ilikuwa imekuja na imeondoka, kijiji kilikuwa na magari ya watu binafsi, na mimi nilikuwa na kigari kidogo cha Kijapani, mtumba, chenye ufunguo wa kubonyeza. Nikasikia mzee anaumwa miguu, nikaenda kumsalimu. Nilipofika nilikuwa nimekasirika, kwa kuwa kibonyezo kilikuwa kimekufa tangu mjini. Nilikuwa nimenunua betri mpya kwa fundi saa, nimeitia mwenyewe, na bado hakikusema kitu. Nilikuwa nafungua mlango kwa kuchokoa kama mtu wa zamani.

Alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona umenuna kama umetoka kikaoni?"

"Ufunguo umekataa."

"Umefanya nini?"

Nilicheka mwenyewe. Nikamweleza vizuri: nikibonyeza, kitaa chake hakiwaki, gari halilii, lakini mlango unafunguka kwa chuma chake, na injini inawaka. Akanyoosha mkono. Nikafungua kifuniko kwa ukucha, nikamwonyesha. Alikitoa kile kibetri kama sarafu, akakiweka kwenye kiganja chake kikubwa, akakitazama mpaka nikaona haya kwa niaba yake.

"Hii nayo ni betri?"

"Ndiyo, mzee."

"Inabebwa na watu wangapi?"

Akapangusa vile vibati vya ndani kwa ncha ya shati. Akasogeza kibetri karibu na jicho, akatafuta alama ya kujumlisha, akaniuliza nilikiweka kikitazama wapi. Nilikuwa nimekiweka kifudifudi. Akakigeuza, akafunga kifuniko mpaka kikalia, akabonyeza. Gari likapiga pii na kukonyeza taa, na kuku wake wakakimbilia mgombani.

Nikamsifu. Nikamwambia hajabadilika, ni yuleyule wa siku ya lori. Nikaanza kumsimulia siku ile yake mwenyewe, jinsi alivyojua anakokwenda, jinsi alivyojitoa. Aliniacha niseme mpaka nikafika kwenye mvua.

"Mvua haikunyesha," akasema.

"Naongeza kidogo, mzee, ili inoge."

"Na hilo lingine pia umeliongeza."

"Lipi?"

"Kwamba nilikuwa najua ninakokwenda." Alinirudishia ufunguo. "Nilitoka pale mbele nikitaka uwe ni ufunguo. Umelika, kila mtu anajua umelika. Niliupangusa mara ngapi? Tatu. Kila mara nilikuwa namwomba Mungu ile taa isiwake kabisa. Isingewaka ningesema ni ufunguo, nikarudi nyumbani, na yeye angekwenda Biharamulo. Ikawaka. Nikasema basi, iwe swichi, tundu likiwa bovu anaweza kusingiziwa yeye. Swichi nzima. Nikasema iwe waya. Nilikwenda mpaka kwenye bodi nikitafuta kitu kingine, chochote. Mwisho mahali pa kutafuta pakaniishia."

Niliutia ufunguo mfukoni, nikautoa tena.

"Na mtu aliyekuja kwangu kila asubuhi," akasema. "Nilikuwa nampa na ugali wa uongo."

"Lakini mzee, ungeweza kusema uongo hata pale mwisho. Ungesema betri imezeeka."

"Mbele yenu? Nilikuwa nimewafundisha vile vyumba." Akanyoosha mguu unaouma. "Ukisimulia tena, simulia hivyo. Usiongeze, usipunguze."

Nikaahidi. Kisha nikamuuliza kama Mama Ufunguo aliwahi kujua, kwa kuwa wakati huo mama yule alikuwa bado hai, anatembea kwa fimbo kule upande wa juu.

"Nilikwenda kumwambia," akasema. "Baada ya vyoo. Nilipanda kile kilima mimi, yeye akiwa anakamua. Nikamwambia kama nilivyokwambia wewe. Hakugeuka, akaendelea kukamua. Akasema, 'Nilijua ulipoupangusa mara ya pili. Ufunguo ulikuwa safi tayari.'"

"Halafu?"

"Halafu akaniuliza kama nimekunywa chai."